Kurudisha Chuma

Kileo, 3 Aprili 2025

Binti wa kaka yangu yuko likizo, kidato cha tatu. Leo mchana alikuwa ameinamia daftari la kemia barazani, akanyanyua kichwa na kuniuliza: "Shangazi, kitu kikipewa elektroni si kimeongezewa? Sasa mbona wanasema kimepunguzwa?"

Nimemwomba anipe muda. Jibu la haraka lipo, lile tunalopeana shuleni miaka yote, kwamba ndivyo ilivyo, kariri upate alama. Wana hata kifupisho cha Kiingereza cha kukariria, OIL RIG, yaani mtambo wa kuchimbia mafuta: kupoteza elektroni ni oxidation, kupata ni reduction. Anakijua vizuri. Anachotaka kujua ni jinsi neno lilivyopewa kazi inayoonekana kinyume na maana yake.

Kamusi aliyo nayo inamwambia reduce ni kupunguza. Kwa bei ya sukari na kwa uzito wa mwili ni sawa kabisa. Kwenye kemia tafsiri hiyo inampeleka njia isiyo yake, naye akifika mwisho wa njia anajiona mjinga. Mtoto huyu hana ujinga wowote. Amelisoma neno kwa makini kuliko walioliandika kwenye daftari lake.

4 Aprili

Mvua imenyesha usiku kucha, mfereji umejaa hadi ukingoni. Shambani hakuna la kufanya, nimekaa na vitabu.

Neno limetoka Kilatini, reducere. Re- ni nyuma, ni tena, ni kurejea. Ducere ni kuongoza, kutangulia huku wengine wakifuata. Jemadari wa Kirumi aliyewatoa askari vitani na kuwafikisha kambini alikuwa anafanya kitendo hicho. Basi kwa asili reduce ni kurudisha. Liliingia Kiingereza katika karne ya 14 kupitia Kifaransa, likiwa bado na maana hiyo ya kuleta kitu mahali au katika hali kilikotoka. Maana ya kupunguza, ambayo leo ndiyo mtu wa kawaida anaijua peke yake, ilikuja kushika nafasi baadaye sana.

Ducere ina watoto wengi katika daftari lake la sayansi. Produce ni kuongoza mbele, kutoa nje. Induce ni kuongoza ndani. Conduct, kitenzi kinachotumika kwa waya unaopitisha umeme, ni kuongoza pamoja. Nimemwandikia yote kwenye karatasi moja. Maneno ambayo amekuwa akiyabeba moja moja yamepata ukoo.

6 Aprili

Mama jirani amekuja na kijana wake, mkono ukiwa kwenye kitambaa kilichofungwa shingoni. Alianguka na pikipiki kwenye tope, bega likateguka. Wametoka hospitali jana. Amenipa karatasi nimsomee kwa sababu ameona neno asilolielewa, akaogopa kwamba kuna kitu kwenye bega la mwanawe kimekatwa au kimepunguzwa.

Karatasi imeandikwa closed reduction. Nimemwambia: bega limerudishwa mahali pake bila kupasuliwa. Basi, hayo tu. Mama akashusha pumzi.

Sikuwa nimefikiria kwamba madaktari nao wanalo. Wamelishika neno katika umri wake wa zamani, na hakuna anayewauliza walipunguza nini. Mfupa ulikuwa na mahali pake, ukatoka, ukarejeshwa. Nimemwita binti aje aone ile karatasi, akasoma mara mbili, halafu akasema polepole, "Kwa hiyo kwenye kemia kuna kitu kilitoka mahali pake."

Ndiyo. Metali ilitoka.

7 Aprili

Naandika haya nikiwa na furaha, kwa sababu leo nimepata uzi wote.

Wafua metali wa Ulaya walijua jambo ambalo kila mfua metali duniani analijua: ukichoma risasi au bati kwenye hewa kwa muda mrefu, metali inaisha, unabaki na unga. Na unga huo ukiuchanganya na mkaa na kuutia moto mkali, metali inarudi, inang'aa kama mwanzo. Kitendo hiki cha pili ndicho walichokiita reduce. Metali ilikuwa imepotea, wameirudisha. Neno lilieleza walichokiona kwa macho, na wakati huo hakuna aliyejua kuna oksijeni.

Kisha wakaja wenye nadharia. Georg Ernst Stahl, Mjerumani aliyefariki mwaka 1734, alifundisha kwamba ndani ya vitu vinavyoungua mna asili ya moto iitwayo flojistoni. Metali ikiungua, flojistoni inatoka. Ukiupa unga mkaa, mkaa wenye flojistoni tele unaurudishia unga kile ulichokosa. Kwa Stahl, basi, kurudisha metali kulikuwa ni kuongeza kitu.

Mwaka 1774 Joseph Priestley, Mwingereza, alichoma unga mwekundu wa zebaki kwa miale ya jua iliyokusanywa na lenzi. Zebaki ikarudi, na hewa ikatoka ambayo mshumaa uliwaka ndani yake kwa nguvu ya ajabu. Antoine Lavoisier kule Paris akalishika jambo hilo kwa mizani. Metali ikiungua uzito wake unapanda, hivyo haiwezi kuwa imetoa kitu, imepokea. Ikirudishwa, uzito unashuka. Kilichopokewa na kuachwa ni hewa ile ile, akaipa jina oxygène, mzaa ukali, akiamini kwamba kila asidi inayo ndani yake. (Hapo hakupatia: mwaka 1810 Humphry Davy alionyesha kwamba asidi ya chumvi haina oksijeni hata chembe. Jina limebaki.) Mwaka 1787 Lavoisier na wenzake watatu walitoa kitabu cha kupanga upya majina ya kemia, na ndimo mengi tunayowakaririsha watoto yalimotengenezwa. Yeye aliuawa kwa gilotini Mei 1794.

Kwa Lavoisier, basi, kurudisha metali kukawa ni kuondoa kitu. Hapo kidogo kupunguza kunaingia.

Halafu mwaka 1897 J. J. Thomson akaitambua elektroni, na wakemia wa karne ya 20 wakaona kwamba oksijeni ilikuwa mfano mmoja tu wa jambo pana zaidi. Chuma kikishikana na oksijeni kinaachia elektroni. Kikirudishwa kuwa chuma, kinazipata tena. Kuongeza, kwa mara ya pili.

Kuongeza, kuondoa, kuongeza. Nadharia tatu, mbili kati yake zikipingana kabisa, na kitenzi hakikubadilika. Kimedumu kwa sababu hakikuwahi kusema kitu kimeingia au kimetoka. Kilisema metali imerudi, na hilo lilikuwa kweli kwa Stahl, kweli kwa Lavoisier, na ni kweli kwa mwalimu wa leo anayechora elektroni ubaoni. Chuma kilipoteza elektroni, zimerudishwa. Kwa maana hii swali la binti wa kaka yangu linapata jibu lililonyooka: kitu kimeongezewa, nacho kimerudi.

9 Aprili

Maji ya mfereji yamepungua, yameacha mchanga safi kwenye kona. Juu ya mchanga mweupe kuna michirizi myeusi, myembamba. Nimechukua sumaku ya spika ya redio iliyokufa, nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni, nikampa binti. Akaiburuta polepole. Ikatoka na manyoya meusi pande zote.

Hii ni magnetaiti. Haisukumwi na maji kirahisi kwa sababu ni nzito: uzito wake ni kama mara 5.2 ya maji, na mchanga wa kawaida wa kwatzi ni 2.65 tu. Mvua inaifua milima, maji yanabeba kila kitu, na pale yanapopunguza mwendo kilicho kizito kinaachwa nyuma. Milima yenyewe imefanya nusu ya kazi ya kutenganisha.

Tumepiga hesabu barazani. Magnetaiti ina atomi tatu za chuma na nne za oksijeni. Chuma ni asilimia 72 ya uzito, oksijeni 28. Katika kilo mia za magnetaiti safi kuna kilo 72 za chuma ambacho hakiwezi kuwa jembe kwa sababu kimeshikwa. Atakayekifungua amekirudisha.

Binti akauliza kama kuna watu waliowahi kukitoa hapa. Nimemwonyesha mlima wa Ugweno juu yetu.

10 Aprili

Sijalala mapema, nataka niandike kuhusu Washana wakati mambo yako moto kichwani.

Ukoo wa Washana ni ukoo wa wahunzi wa Upare Kaskazini. Isaria Kimambo, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliwasikiliza wazee wa Upare miaka ya 1960 na kuandika historia yao ya kisiasa, iliyotoka mwaka 1969. Kwa masimulizi hayo Washana ndio waliokuwa watawala wa Ugweno kabla ya Wasuya kuwapindua na kujenga dola iliyosifika. Mamlaka yao ya mwanzo na ujuzi wao wa chuma haviwezi kutenganishwa. Mwenye kutoa jembe na mkuki kutoka kwenye mchanga ni mtu wa kusikilizwa.

Na soko lilikuwepo. Wachaga upande wa pili wa bonde walikuwa na wahunzi hodari, ila Kilimanjaro ni mlima wa volkano usiowapa madini ya chuma ya kuchenjua. Walikipata chuma Upare. Lugha ya Kigweno yenyewe iko karibu na Kichaga kuliko na Chasu, lugha ya Wapare, na nadhani njia za chuma zilichangia kuuweka ujirani huo hai.

Tanuri linafanyaje kazi? Hili ndilo nataka binti alione kwa akili, kwa sababu kitabu chake kinaonyesha picha ya mtambo mkubwa wa Ulaya na mishale, basi.

Tanuri la udongo. Mkaa na mchanga mweusi vinapangwa kwa tabaka. Mivukuto inapuliza kupitia mabomba ya udongo, bila kukoma, kwa saa nyingi. Mkaa ukiungua karibu na hewa unatoa hewa ukaa, na hewa ukaa ikipita kwenye mkaa mwingine uliokolea moto inageuka kaboni monoksidi. Hiyo kaboni monoksidi ina njaa ya oksijeni. Inapanda kati ya punje za mchanga na kuzivua oksijeni yake, punje baada ya punje. Chuma kinabaki.

Watu wengi husema wahunzi wa kale "waliyeyusha chuma". Chuma safi kinayeyuka kwenye nyuzi 1,538 za selsiasi. Matanuri ya namna hii kwa kawaida yalikuwa kwenye nyuzi 1,200 hadi 1,300. Kilichoyeyuka ni uchafu, mawe yaliyochanganyika na sehemu ya oksidi ya chuma, ukatiririka chini. Chuma chenyewe hakikuwahi kuwa uji. Kilijikusanya kikiwa kigumu, bonge lenye matundu, na mhunzi akalipiga nyundo likiwa jekundu mpaka uchafu uliobaki ukatoka. Kwa hiyo hata kwa Kiswahili kitenzi cha kuyeyusha hakifiki. Walikirudisha chuma, wakakifua.

Sayansi ya matanuri haya ina heshima yake duniani siku hizi. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science kuhusu matanuri ya Buhaya, baada ya wazee wa Kihaya kujenga tena tanuri na kuliwasha mbele yao. Kwetu Upare Kaskazini, Louise Iles na wenzake walichapisha mwaka 2018 utafiti wao juu ya mabaki ya uchenjuaji na jinsi mandhari ya milima ilivyobadilika. Walichukua mavi ya chuma, yaani ule uchafu uliotoka tanurini, wakayakata vipande na kuyasoma kwa hadubini. Uchafu ule unahifadhi kumbukumbu ya joto, ya madini na ya hewa iliyokuwa ndani ya tanuri.

13 Aprili

Babu mmoja wa Kishana aliyehamia bondeni kutoka Ugweno amekubali tumtembelee. Binti amempigia goti, "Shikamoo babu," kisha akakaa kimya, kalamu mkononi.

Babu hakuwahi kuchenjua. Baba yake alifua vyuma vya dukani na vyuma chakavu, kama wahunzi wengi wa kizazi kile. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, ikipita hapa chini ya milima, ikaleta majembe ya viwandani kwa bei ambayo mkaa na mivukuto havikuweza kushindana nayo. Sina haja ya kumuuliza kama inamuuma. Alipolitaja tanuri alitaja kwa heshima, taratibu, kama anavyotajwa mzazi.

Ametuonyesha bonge alilolipata akichimba shimo la mgomba juu kule. Jeusi, zito, limejaa mapovu, upande mmoja laini kama kioo. "Hili wengi wanalidhani jiwe," akamwambia binti. "Ni mavi ya chuma. Chuma chenyewe kilishaondoka, kilikwenda shamba."

Binti akaweka sumaku. Ikashika kidogo, upande mmoja tu. Akauliza kwa nini. Kwa sababu si chuma chote kilirudi, nikamwambia; kiasi kilibaki ndani ya uchafu. Kila tanuri la namna hii huacha sehemu. Babu akaitikia kwa kichwa na kusema ndiyo maana baba zake walikuwa wakali kuhusu mkaa na upepo. Akatoa mkono akaliomba bonge lake.

15 Aprili

Leo nimefua kanga mpya, nikaianika, na jioni nimeikuta fupi. Mama jirani akapita: "Naona imerudi."

Nimesimama uani na kanga mkononi. Kiswahili kinacho hiki kitu, chote. Nguo ikipungua baada ya kufuliwa tunasema imerudi. Mtu akimwadabisha mwanawe tunasema amemrudi. Na rudi ni rejea. Waingereza nao walilitumia reduce kwa kutiisha, kwa kushinda mji au watu wakaidi, kando ya kurudisha na kupunguza. Neno letu limetoka kwenye Kiarabu, lao limetoka Kilatini, hayajuani, nayo yamepita vijia vile vile: anayerudi ameshuka kutoka alikokuwa amefika, na kilichonyooshwa kikirudi kinakuwa kifupi.

Nimesikia mara nyingi, na kwa watu wenye elimu, kwamba Kiswahili hakina uwezo wa kemia. Siwezi kukubali. TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, walitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, kazi kubwa ya watu makini, na shule za sekondari zimeendelea kufundisha kwa Kiingereza kana kwamba haipo. Sidai Kiingereza kiondolewe kesho. Nadai kwamba mwalimu anayesimama mbele ya watoto wa Mwanga na Same, akaandika reduce ubaoni, awape rudisha pamoja nalo. Itamchukua dakika moja, na mtoto hatalazimika kuamini kinyume cha alichokielewa.

18 Aprili

Ijumaa Kuu. Nyumba imejaa wageni, nimeandika kidogo tu.

Kutu. Binti ameniuliza kama panga lililooza kwenye kibanda cha mbuzi ni kitendo kile kile kikienda upande mwingine. Ni kile kile. Chuma, oksijeni, maji. Chuma kinaachia elektroni, kinakuwa unga mwekundu, na chuma hakihitaji kusaidiwa kuelekea huko. Kuondoka ni bure. Kurudi kunagharimu mkaa, na ndiyo maana kuchenjua kulikula miti.

22 Aprili

Anarudi shule kesho. Amepanga mfululizo wa metali ukutani kwa chaki, ule wanaoukariri kuanzia potasiamu hadi dhahabu, na sasa anausoma kwa namna yake: ni orodha ya ugumu wa kurudisha.

Dhahabu iko mwisho. Haikuwahi kuondoka. Geita wanaichimba ikiwa dhahabu tayari, kazi yao ni kuitenganisha na mwamba. Juu yake shaba, inayorudi kwa mkaa bila shida kubwa. Juu zaidi chuma, kinachotaka mkaa mwingi, joto na ujuzi wa Washana. Kisha aluminiamu. Iko tele kwenye udongo wa kila mlima, lakini imeshikwa na oksijeni kwa nguvu ambayo mkaa wa tanuri la udongo hauiwezi. Ili ipatikane kwa wingi ilisubiri umeme: mwaka 1886 Charles Hall huko Marekani na Paul Héroult huko Ufaransa, kila mmoja kivyake, waligundua namna ya kuisukumia elektroni kwa mkondo wa umeme.

"Kwa hiyo sufuria ya ugali ni metali changa kuliko jembe," akasema.

Kwa maelfu ya miaka, ndiyo. Amenitaka nimwandikie pia kuhusu sodiamu, nayo nimemwahidi kwa barua, kwa sababu Davy yule yule aliirudisha kwa betri mwaka 1807 na kisa chake kinahitaji nafasi yake.